Sukari Imeshuka, Lakini Imeshushwa na Nini? Kisa cha Dawa ya Magome kutoka Kibosho

Katika kaunta buku la mganga mmoja wa Kibosho, mgonjwa anayetajwa kwa fahari kuliko wote ni mama mmoja wa Pasua, Moshi mjini. Siku alipoanza dawa ya kisukari ya mganga huyo, sukari yake ya damu ilisoma 16.8. Mwezi wa pili ikasoma 9.2, na mwezi wa tatu 5.1. Pembeni mzee ameandika kwa kalamu nyekundu: AMEPONA.

Mjukuu wa mganga huyo, anayesomea maabara chuoni, ndiye aliyenitafuta. Alijua mimi ni mfamasia na kwamba nimewahi kufanya kazi na dondoo za mimea (viini vinavyotolewa kwenye mmea kwa kimiminika) kule Arusha, akaomba nimsaidie kuipeleka dawa ya babu ikapimwe: kwanza kama ina sumu, halafu kama kweli inashusha sukari. Nilimwomba daftari kabla ya dawa. Nilipoufikia mstari wa yule mama nikaomba nimwone mwenyewe, kwa sababu mteremko wa zile namba ulinitia wasiwasi.

Naandika kwa ruhusa yao wote, bila majina, maana kosa ninalotaka kulionyesha halipo Kibosho tu. Limo pia katika tasnifu nyingi za mitishamba nilizosoma. Usalama wa dawa unapimwa kama swali moja, ufanisi kama swali jingine, kila swali na panya wake na sura yake katika ripoti. Kwa dawa ya kisukari mgawanyo huo ni hatari. Sumu nayo hushusha sukari.

Mzee anastahili heshima yake kwanza, kwa sababu amefanya jambo ambalo waganga wengi hawalifanyi: ameandika. Kila mteja ana tarehe, umri na namba ya mashine ya sukari aliyonunuliwa na mwanawe. Lakini ukilisoma daftari taratibu, mambo yanaanza kuchanganyika. Kipimo cha kwanza cha wengi kilichukuliwa mchana, mtu akiwa ametoka mjini, ameshakunywa chai na pengine ameshakula. Vipimo vya baadaye vilichukuliwa alfajiri, kwa kuwa mzee huwaambia wakirudi waje kabla ya kutia kitu mdomoni. Mgonjwa yuleyule anaweza kusoma 8 asubuhi akiwa hajala, na 14 saa mbili baada ya sahani ya machalari ya ndizi, hajameza kitu chochote kinachoitwa dawa. Tena watu huenda kwa mganga pale sukari inapokuwa imewashinda kabisa. Namba iliyopanda kupita kawaida yake mara nyingi hushuka kidogo hata bila msaada.

Halafu kuna masharti. Pamoja na unga wa magome, mzee anakataza soda na mbege (pombe ya ndizi), anataka chai bila sukari, ugali usiozidi ngumi, chakula cha jioni kabla giza halijaingia, na kutembea kila siku. Ningefurahi sana kama kila kliniki ya kisukari ingeyasema maneno hayo kwa mkazo anaouweka yeye. Ila masharti hayo peke yake yanashusha sukari, na daftari halina njia ya kutenganisha kazi ya masharti na kazi ya magome. Safu ya vidonge vya hospitali haipo kabisa. Na takriban theluthi moja ya wateja wana namba moja tu, ile ya siku ya kwanza. Mzee anaamini hao walipona ndiyo maana hawakurudi. Inawezekana wengine ni hivyo. Wengine wamekwenda kwingine, na huenda wapo waliolazwa bila yeye kupata habari. Katika jaribio lolote la dawa, wasiorudi ndio wa kwanza kutafutwa.

Sasa yule mama. Ana miaka 61, amekaa na kisukari miaka 11, na presha pia. Alikuwa akitumia vidonge viwili vya kushusha sukari, metformini na glibenklamaidi, pamoja na kidonge cha presha, vyote akinunua duka la dawa kwa cheti cha zamani, kliniki haendi mara kwa mara. Mzee hakumwachisha vidonge. Kwa hili nampongeza kwa dhati, kwa sababu sote tunakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na wapo waliokunywa wakaacha dawa zao za hospitali. Mzee wa Kibosho anasema wazi: dawa ya daktari endelea nayo.

Lakini hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

"Shikamoo mama," nilimwamkia, tukakaa barazani kwake. "Marahaba mwanangu. Sukari imekwisha, namshukuru Mungu, ila mwili hauna nguvu." Nikamwomba anieleze huo mwili. Chakula kimekuwa na ladha ya chuma. Asubuhi kichefuchefu. Sketi zimelegea kiunoni, huku jioni viatu vinambana kwa sababu miguu imevimba. Na mara kadhaa ameamka kabla ya alfajiri akiwa ameloa jasho, mikono inatetemeka, maneno hayapangiki, mpaka mkwewe amnyweshe chai yenye sukari nyingi. Hakuna aliyempima wakati huo. Walichoelewa nyumbani ni kwamba dawa inapigana na ugonjwa.

Hiyo ilikuwa sukari kushuka chini ya kiasi. Chini ya 3.9 mwili huanza kulalamika hivyo, na ikishuka zaidi mtu hupoteza fahamu. Usiku, kwa mama wa umri huo, anaweza asiamke.

Siku ileile tulikwenda maabara. Sukari 4.0 kabla ya kula. Protini kwenye mkojo alama tatu. Wingi wa damu (hemoglobini) 8.9, yaani pungufu. Kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, 286, ambayo kwa umri wake ina maana figo zimebaki na uwezo wa kuchuja takriban mililita 16 kwa dakika, pale ambapo mtu mzima mwenye afya ana 90 au zaidi. Kwenye mkoba wake kulikuwa na karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nne, ya mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, kabla hajamjua mzee. Kreatinini ilikuwa 118, uwezo kama 46. Ile karatasi ilikuwa na thamani kuliko daftari zima, kwa sababu ilionyesha mahali alipoanzia.

Figo hufanya kazi tatu zinazogusa sukari. Huvunja sehemu kubwa ya insulini, homoni inayoshusha sukari, ikishamaliza kazi yake. Hutoa mwilini mabaki ya glibenklamaidi, ambayo bado yana nguvu ya kulilazimisha kongosho limwage insulini. Na mtu akiwa hajala, figo zenyewe hutengeneza sukari kidogo kusaidiana na ini. Figo zikichoka, insulini hukaa muda mrefu, kidonge hujilimbikiza, na sukari ya akiba inapungua. Ongeza kichefuchefu kinachomzuia mtu kula, na namba itateremka vizuri kabisa: 16.8, 9.2, 5.1. Madaktari wa kisukari wanaujua mtego huu. Mgonjwa wa miaka mingi ambaye ghafla anaonekana hahitaji dawa, hupimwa figo kwanza, pongezi baadaye.

Je, magome ndiyo yaliyoharibu figo? Hapa inabidi kutenda haki. Mama ana kisukari na presha, na vyote viwili huharibu figo bila kusaidiwa na mtu. Kutoka 46 hadi 16 kwa miezi kumi na minne ni kasi kubwa kwa kisukari peke yake, lakini presha isiyodhibitiwa inaweza kuiongeza. Tulipomwaga dawa zote za nyumbani mezani, ikatokea pakiti ya diklofenaki. Magoti. Anameza karibu kila siku, kwa miezi mingi, hajawahi kuitaja popote kwa sababu kwake hiyo si dawa, ni kitu cha maumivu. Diklofenaki kwa figo zilizokwisha kudhoofika ni mtuhumiwa mzito. Hata hivyo unga wa mzee siwezi kuutoa kwenye orodha, na sababu yangu inatoka mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja walianza kupata figo zilizokufa. Mwaka 1993 madaktari waliwaunganisha na vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Uliokuwamo ulikuwa Aristolochia fangchi, kwa kuwa majina ya mimea hiyo miwili kwa Kichina yanakaribiana. Aristolochia ina asidi inayoua figo polepole na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Walioathirika walizidi 100. Angalia jambo moja hapo: hakuna aliyeanguka siku ya kwanza, wala wiki ya kwanza. Ilichukua miezi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzee halikuwa kama dawa yake inafanya kazi. Lilikuwa: ni mmea gani? Alijibu kwa tahadhari, na ninamwelewa, maana hiyo ndiyo mali yake. Ni magome mawili na mzizi mmoja. Gome moja nililitambua kwa uchungu wake: msesewe, uleule unaotiwa kwenye mbege. Msesewe ni Rauvolfia caffra, na katika jenasi hiyohiyo ya Rauvolfia, kwenye mmea wa India, ndiko ilikopatikana reserpini, dawa ya zamani ya presha. Hilo halithibitishi kwamba kijiko cha mzee kinashusha presha. Linatosha kunifanya nimpime mama presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, kwa sababu figo dhaifu hazipendi presha inayoanguka.

Kisha kipimo. Mzee anasema kijiko kimoja cha chakula, maji vikombe vitatu, chemsha mpaka kibaki kimoja, chuja, kunywa asubuhi na jioni. Niliweka mzani mdogo wa dukani kwetu mezani. Mzee akachota kijiko chake akakisawazisha kwa kidole: gramu 4. Mama, nyumbani kwake, nilimwomba achote kama anavyochota siku zote, akachota kilima: gramu 9. Kuchuja alishaacha, jirani alimwambia nguvu ya dawa iko kwenye machicha, basi anakoroga na kuyanywa. Mtu mmoja anakunywa maji ya gramu 4, mwingine anameza gramu 9 pamoja na unga wake, na wote wawili wataandikwa katika daftari moja kuwa wametumia "dawa ya mzee". Hakuna maabara inayoweza kupima dawa ambayo kiasi chake hakijulikani.

Kipo kitu kingine kinachopaswa kuangaliwa kabla ya panya yeyote kuguswa: kama unga una kidonge cha hospitali ndani. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, wanne wakafariki. Damu ya wengi ilikutwa na glibenklamaidi, na sehemu yao walikiri kumeza dawa haramu za nguvu za kiume zilizochanganyika nayo. Mzee huyu anatwanga mwenyewe kwenye kinu chake na sina sababu ya kumshuku. Lakini kipimo hiki kinamlinda yeye pia, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara za kazi kama hiyo.

Sasa nije kwenye mpango aliokuja nao mjukuu, kwa sababu ni mpango uleule ninaouona kila mahali. Dondoo itolewe kwa methanoli, aina ya alkoholi. Panya wachache wapewe miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, waangaliwe siku 14. Wasipokufa, dondoo iandikwe kuwa ni salama. Kundi jingine lichomwe aloksani ili lipate kisukari, lipewe miligramu 250 na 500 za dondoo, likilinganishwa na kundi la glibenklamaidi. Sukari ikishuka, iandikwe kuwa inafanya kazi.

Kila hatua hapo ina kanuni za kimataifa nyuma yake, na kijana hakuzua kitu. Tatizo ni kile ambacho hatua hizo zikikaa pamoja haziwezi kukiona. Dozi moja na siku 14 zisingeigundua Aristolochia. Wagonjwa wa mzee hawanywi methanoli, wanakunywa maji yaliyochemshwa, na methanoli huvuta vitu vingine kabisa kutoka kwenye gome. Aloksani huua seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, hivyo panya anayebaki anafanana zaidi na mgonjwa wa aina ya kwanza. Mama wa Pasua, kama wengi wao, ni aina ya pili, ambaye kongosho bado lipo lakini mwili hauitikii insulini ipasavyo. Kwa huyo, panya anayelishwa mafuta mengi kisha akapewa kidogo streptozotosini, kemikali nyingine inayoua seli hizo, anakaribia ukweli zaidi.

Hesabu ya dozi nayo nilimwonyesha kwenye karatasi. Miligramu 500 kwa kilo ya panya mdogo mweupe hugawanywa kwa 12.3 kupata ya binadamu: kama miligramu 40 kwa kilo, yaani gramu 2.4 za dondoo kavu kwa mtu wa kilo 60. Tuseme gramu 100 za unga zinatoa gramu 12 za dondoo. Gramu 2.4 hizo zinatoka kwenye gramu 20 za unga, sawa na vijiko vitano vya mzee kwa mkupuo. Jibu litakalopatikana hapo litakuwa la dawa ambayo hakuna mtu Kibosho anayeinywa.

Lakini kasoro iliyonisumbua zaidi ni ile ya mama mwenyewe. Panya aliyepewa kitu kinachomuumiza ini au figo huacha kula. Asipokula, sukari hushuka. Ini likiumia halitengenezi sukari, inashuka zaidi. Siku ya 21 mtafiti anachora mstari unaoteremka na kuandika kwamba dondoo imelingana na glibenklamaidi. Panya wa usalama wako katika sura nyingine, walipewa dozi moja tu, wako hai. Hakuna anayewaunganisha.

Nilimwomba kijana apange upya. Panya walewale wanaopimwa sukari ndio wapimwe uzito na chakula kila siku, na mwisho wa siku 28 ndio wachukuliwe damu ya kreatinini na vimeng'enya vya ini, na figo zao zikatwe ziangaliwe kwa hadubini. Liwepo kundi lisilopewa dawa lakini linalopewa chakula kilekile kidogo ambacho kundi la dawa limekula; sukari yao ikishuka sawa, basi iliyoshusha ni njaa. Liwepo pia kundi la panya wazima wasio na kisukari. Na liwepo kundi la dondoo pamoja na glibenklamaidi, kwa sababu hivyo ndivyo wagonjwa wa mzee wanavyoishi. Bila kibali cha maadili hakuna panya atakayeguswa.

Sisemi haya kwa kudharau mimea. Metformini, ambayo karibu kila mgonjwa wa aina ya pili ameimeza, ina ukoo wake kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, mmea unaojulikana pia kwa kuua mifugo inayoula. Kiini chake, galegini, kilishusha sukari lakini sumu yake ilikuwa karibu mno na faida. Ilibidi kutafutwa ndugu yake mpole zaidi, na mwaka 1957 Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya metformini kwa wagonjwa. Ndugu mwingine, fenformini, iliondolewa sokoni katika nchi nyingi miaka ya 1970 kwa kuleta asidi hatari kwenye damu. Mmea mmoja, faida ileile na sumu ileile zimekaa pamoja, na kazi yote ilikuwa kupima umbali kati yake.

Mama alipelekwa hospitali ya rufaa. Unga ulisimamishwa, diklofenaki, glibenklamaidi na metformini pia, akaanzishiwa insulini kidogo. Baada ya mwezi kreatinini ilikuwa 232, kichefuchefu kimepungua, anakula. Sukari ilisoma 11.

Mzee alipoiona 11 alisikitika. "Unaona, dokta? Dawa imeachwa, ugonjwa umerudi." Kwa macho yake huo ni ushahidi kamili, na nilikaa naye muda mrefu juu ya hilo. Vitu vinne vilisimama siku moja, na chakula kimerudi. Figo zimepata nafuu kidogo, insulini haikai tena mwilini kama zamani. Namba 11 inaweza kutoka kwa lolote kati ya hayo. Kwa usalama wa mama ilikuwa lazima vyote visimame pamoja. Kwa kumjua mtuhumiwa, tumepoteza nafasi, na hatutairudia kwa mwili wake. Ndiyo maana maabara inahitajika.

Alikubali, kwa masharti yake. Kwanza maandishi, yeye na chuo, kwamba mchanganyiko hautachapishwa wala kuuzwa bila jina lake na sehemu yake; hilo lilisainiwa kabla bahasha hazijatoka nyumbani. Magome na mzizi vitakwenda kila kimoja na tawi lake lenye majani, na maua au matunda yakipatikana, kwenye herbariamu ya taifa (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) kule Ngaramtoni, Arusha, vitambuliwe kwa majina yasiyobishaniwa. Daftari limeongezwa safu za saa ya kipimo, vidonge vingine na kreatinini, na mteja mpya asiye na karatasi ya figo hapewi unga. Kipimo cha kwanza tulichokubaliana ni siku 28 za maji yaliyochemshwa, kijiko cha gramu 4 kikiwa ndicho msingi wa dozi, kwa panya wazima, tukiangalia figo na ini. Zikiharibika hapo, hatutafika kwenye sukari.